Chui Aliyesikia Kilio Chake

Wewe uliyeambiwa jana kwamba mume wako, au mama yako, upande mmoja wa mwili umekataa kazi, maneno haya ni yako. Weka kwanza maji ya chai motoni. Usisome huku unalia, utaruka mistari.

Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la nne, pale baba aliposema msichana anayejua kupima samaki amesoma ya kutosha. Nilijua kupima. Lupango, yaani kiwanja chenye ua, ninamokaa hapa mtaani Naviundu nilijinunulia kwa samaki wa Pweto, na nyumba iliyo ndani yake niliijenga tofali kwa tofali. Asiyeamini aje aangalie. Ndiyo, ninajisifu. Lakini ninataka pia ujue kwamba anayekuandikia ni mtu asiyezoea kukalishwa chini, na ugonjwa ule ulinikalisha.

Mume wangu tunamwita Tata Mwelwa, yaani baba wa Mwelwa, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwenye tanuru la Kampani, kule shaba inakoyeyushwa. Mtu mrefu, mwenye sauti ya kushinda mashine. Nyumbani hakuwa na maneno mengi, ila yale machache aliyasema kama anayeita mtu wa ng'ambo ya mto.

Mji ulianza kuvunjika kabla yake. Askari walikuwa wameyamaliza maduka, wakabeba mpaka milango na bawaba zake. Mshahara wa Kampani ulikuja kwa kuchechemea, halafu ukaacha kabisa kuja. Lile bomba refu la moshi lililokuwa likitapika mchana na usiku likanyamaza, nasi tukawa tunaliangalia kama mke anavyoangalia chungu kisichotoa mvuke. Tulikula kwa sababu mimi nilipanda lori kwenda Pweto, nikarudi na magunia ya samaki wakavu, nikauza. Hakuna aliyepika nyumbani kwangu bila lori lile.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, kumbikumbi wameanza kutoka ardhini. Asubuhi moja Tata Mwelwa alikuwa ameketi kitandani anafunga viatu. Cha kushoto kilifungwa vizuri. Kisha nikaona mkono wake wa kuume unatafuta kamba sakafuni, mahali pasipo na kiatu. Nikacheka, nikadhani anacheza. Akaniangalia kwa jicho moja, mdomo ukaenda upande, akalala taratibu kama gunia ambalo mtu hakuliegemeza vizuri.

Tulimpeleka hospitali kwa pusupusu, kile kigari cha mizigo cha sokoni. Tension, yaani presha ya damu, ilikuwa imepanda ikampasua kichwani, ndivyo walivyosema. Siku zile hospitali ilikuwa na vitanda na madaktari. Vingine vyote ulibeba mwenyewe: shuka, maji, mafuta ya taa, sindano. Kwenye korido kulikuwa na benchi ambalo ubao wa katikati uling'olewa na wachoma makala, yaani mkaa, basi tulijifunza kuketi kila mmoja na ufa wake. Hapo nilimkuta mama mmoja wa Kipushi aliyekuwa akimngoja mume wake. Akanikatia kiazi kitamu.

"Wako iko upande gani?" akaniuliza.

"Wa kuume."

"Wangu wa kushoto. Tukibaunganisha, tutapata bwana mumoja muzima."

"Na bile bipande bingine?"

"Tutabirudishia ba mamabukwe, ba mama babo."

Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kutufukuza. Ninakwambia hivi ili ujue kwamba kwenye benchi lile utacheka, na utaona aibu kucheka. Usione. Kicheko kile kilinibeba mpaka jioni.

Walipomrudisha nyumbani, mkono na mguu wa kuume vilikuwa vinaning'inia. Ngozi ya ule mkono ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, yeye ambaye viganja vyake vilikuwa gome la mti. Na maneno yote yalikuwa yametoroka, limebaki moja tu: "Bado."

"Unasikia njaa, Tata?"

"Bado."

"Umeshiba?"

"Bado."

"Miye ni nani?"

"Bado," akasema, na machozi yakamtoka, maana ndani alikuwa ananijua.

Sasa nikwambie tatizo lenyewe, maana watu wanaozungumzia ugonjwa huu hulizunguka. Tatizo ni choo. Choo chetu kiko mwisho wa lupango, nyuma ya shamba dogo la mihogo. Mtu mzima lazima aende, lazima ajisafishe, lazima aoge. Na kwetu mtoto haoni uchi wa baba yake, awe wa kiume au wa kike. Ni heri afe. Aliyeweza kumpeleka na kumwosha ni mimi peke yangu. Na mimi nikikaa nyumbani, lori linaondoka bila mimi, na chungu kinakaa mdomo wazi. Ndiyo fundo tulilofungwa nalo: ama mume wangu ajifunze tena kwenda chooni mwenyewe, ama nyumba nzima ife njaa ikimngoja kwenye mlango wa choo.

Dada yake wa Kasenga alikuwa na njia ya tatu. Alikuja, akamtazama, akaniambia: "Mama Mwelwa, hii nyumba haina mwanaume tena. Tutamubeba ku muji, kwetu Kasenga. Akakufie kwa bantu bake." Nikamwambia anipe mpaka baridi iishe. Akaondoka anatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kununua sanda.

Hospitalini kulikuwa na chumba cha mazoezi, na ndani yake kijana mmoja mwenye asili ya mkoa wa Kasai, Mukendi. Watu walimwita kiné; kazi yake ni kuufundisha mwili mambo uliyosahau. Chumba chake kilikuwa na bomba moja la chuma ukutani la kushikilia, na kioo kilichopasuka pembeni. Alikuwa na adabu na hakuwa na huruma, na vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja kuliko unavyodhani.

Siku ya kwanza nilimlisha Tata Mwelwa ndizi mbele yake. Mukendi akaniangalia.

"Maman, mkono wake wa kushoto unaumwa?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini unamulisha? Uko unamufanya bébé."

"Wewe mtoto, mimi nimemlisha huyu mtu tangu hujazaliwa!"

"Ndiyo, Maman. Sasa mupumzishe na weye upumzike."

Nilikasirika barabara yote ya kurudi. Kesho yake nikaweka ndizi mezani, nikageuka dirishani. Alichukua muda wa kupika maharage. Nusu ya ndizi iliingia mdomoni, nusu iliingia ndani ya shati. Lakini aliimenya kwa meno, na alipomaliza alinitazama kwa majivuno, kama siku alipopewa ukapita.

Mambo niliyojifunza kwa Mukendi nakupa bure. Unapomvika shati, anza na mkono ulio mgonjwa; unapomvua, malizia nao. Mkono uliolala usiuache uning'inie. Uweke mezani pamoja na mwenzake, ukae kama mgeni anayengoja chakula. Fimbo inashikwa na mkono ulio mzima. Na mtu anayetaka kusimama asiivute miguu. Ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, hapo matako yatainuka yenyewe. "Pua mbele, Tata, pua mbele!" Mukendi alikuwa akipiga kelele hizo asubuhi yote, na wagonjwa wote wa chumba kile wakawa wanainama kama kuku wanaodonoa.

Ulipofika wakati wa uyoga, wanawake wakiuza vikapu kando ya barabara, Tata Mwelwa aliweza kusimama akilishika lile bomba. Nikaanza kupiga hesabu ya lori.

Halafu watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa. Sitasema nani alianza, wakubwa wana majina yao na Mungu anayajua. Ninasema nilichokiona: majirani tuliokunywa nao chai tangu ujana, waliozaliwa hapahapa, wakaambiwa warudi kwao. Familia nzima zikawa zinalala kwenye gare, stesheni ya treni, juu ya magodoro na masufuria, zikingoja mabehewa. Siku moja nikafika kwenye chumba cha mazoezi, nikakuta mlango una kufuli.

Nikajaza kikapu unga na samaki, nikamweka Tata Mwelwa juu ya pusupusu, tukaenda gare. Njiani kijana mmoja akaniita:

"Mama, na huyu naye unamupeleka ku treni ya ba Kasai?"

"Ninatafuta wa kumubadilisha naye. Panda!"

Wenzake wakamcheka yeye.

Mukendi tulimkuta ameketi juu ya kasha la bati, na mke wake mwenye mimba amelala nyuma yake kwenye kivuli cha ukuta. Alipoona pusupusu alisimama, akakunja mikono ya shati.

"Tata! Umenifuata na mazoezi mpaka huku?"

"Bado," akasema mume wangu, na safari hii tulielewa wote.

Akamketisha juu ya kasha lile la bati. Watu waliokuwa wamelala kwenye mizigo wakainuka kuangalia. "Pua mbele, Tata." Mume wangu akainama, mguu ukatetemeka, akarudi chini kwa kishindo. Tena. Bibi mmoja mwenye kitambaa cheusi akapiga makofi kumpa mdundo, na wengine wakafuata, watu waliofukuzwa nyumba zao wanampigia makofi mtu wa mji uliowafukuza, ainuke. Akainuka. Alisimama peke yake, bila bomba, bila mimi, akiyumba kama bua la mahindi kwenye upepo, mpaka Mukendi akamwambia sasa keti.

Kisha Mukendi akanivuta pembeni. "Maman, mikono yako weka nyuma ya mgongo. Akianguka kidogo, acha aanguke kidogo." Nikampa kikapu. Alikataa, mke wake hakukataa. Baadaye nilisikia walifika salama na mtoto alizaliwa. Zaidi ya hapo sijui, na kila ninapokula uyoga ninamwombea.

Baada ya Mukendi kuondoka, Tata Mwelwa aligeukia ukuta. Sijui kama ni huzuni au hasira. Alilala akiangalia tofali zangu, na mvua kubwa zikanyesha juu ya bati, na ile kazi yote ya bomba na makofi ikaanza kuyeyuka kama sabuni ndani ya beseni. Nilimbembeleza. Nilimtukana. Nilimpikia sombe, majani ya mihogo, kwa karanga. "Bado." Majirani wakaanza kuniuliza habari zake kwa sauti ya chini, ile ya kuuliza mtu ambaye amekwisha kuondoka.

Ndipo akarudi Musonda.

Huyu Musonda lazima nimweleze. Alifanya kazi na mume wangu kwenye tanuru, na nyumba yake iko mtaa wa Bel-Air. Mume wangu ni wa ukoo wa Chui. Musonda ni wa ukoo wa Mbuzi. Kwetu koo hizo ni watani, sisi tunasema banungwe. Munungwe wako anakutukana mbele ya watu na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuingia nyumbani kwako akachukua kuku, na wewe ucheke. Na siku utakapokufa, ni yeye anayeosha maiti yako, anayechimba kaburi, na anayejigaragaza kwenye kilio chako akikutania, ili waliofiwa wapumue.

Alikuwa amekaa muda mrefu kijijini kwa mazishi ya mama yake. Aliporudi akaambiwa Chui haamki tena. Akaamua kuja kumtania.

Mimi nilikuwa sokoni, nikiuza samaki wa magunia ya mwisho. Mwelwa, binti yangu, alikuwa ameenda kuteka maji. Musonda akaingia katika lupango na kitenge cha mke wake kichwani, akajitupa kwenye matope mbele ya mlango, akaanza kulia kama kwenye matanga:

"Yoo, Chui! Chui unaniacha na nani? Nani atanikula sasa? Mbuzi tutazeeka bure!"

Yeye alidhani anacheza na rafiki yake. Lakini katika mtaa wetu, ukiona munungwe wa mtu anagaragara kwenye mlango wake na kitenge kichwani, huulizi swali. Unachukua kiti. Jirani wa juu akaja na kiti na kikapu cha makala ya kilio. Wa chini akaja na unga. Wanawake wakaanza kulia. Mzee mmoja akauliza turubai litafungwa wapi. Na kadiri kilio kilivyokua, ndivyo Musonda alivyozidi kugaragara, akidhani watu wamekuja kumsaidia kutania.

Nikafika na kikapu changu kichwani, nikaona lupango imejaa watu.

Nilikitupa kikapu, samaki wakatawanyika, nikalia kilio ambacho sikujua kama ninacho. Musonda aliponiona hivyo akaketi ghafla, matope mpaka kwenye kope.

"Mulamu!" akaniita, yaani shemeji. "Mulamu, hapana! Ni muchezo! Hakuna muntu anakufa!"

Nani angemsikia? Wanawake walikuwa wamenishika mikono, wananiambia nijikaze.

Ndipo mlango ukafunguka. Tata Mwelwa alikuwa amesimama pale. Amesimama! Mkono wa kushoto umeng'ang'ania fremu ya mlango, suruali imeshuka magotini, macho mekundu. Akautazama umati, akamtazama Musonda mwenye kitenge, akajaza kifua, na ile sauti ya tanuru, sauti ya kushinda mashine, ikatoka:

"BADO!"

Wanawake waliruka ua wa mihogo. Kiti kimoja kilivunjika. Mwelwa aliyekuwa anaingia na ndoo akajimwagia maji yote. Na yule mzee wa turubai, mtu ambaye hapotezi kitu, akakichukua kile kikapu cha makala. "Kama ni bado," akasema, "basi makala tunarudisha."

Nilikimbia kumshika. Akanisukuma kwa bega. Alitaka kumfikia Musonda ampige. Akapiga hatua, akapiga nyingine, kisha akaanguka juu yake, Chui juu ya Mbuzi, na wote wawili wakalala kwenye matope wakicheka, mmoja kwa mdomo mzima, mwingine kwa nusu. Baadaye nilimuuliza aliinukaje kitandani bila mtu. Akagusa pua yake, akaisukuma mbele.

Kesho yake, jua linachomoza, Musonda akaja na ndoo ya maji ya moto na taulo begani.

"Ninakuya kumuogesha," akaniambia.

"Wewe, nani amekuita?"

"Mulamu, ni haki yangu. Akikufa, miye njo nitamuosha. Wacha nianze leo kujua mabonde na milima yake."

Mume wangu alisikia kutoka chumbani. Kuoshwa na Mbuzi akiwa hai! Aliguruma. Tulipoingia alikuwa tayari ameketi, miguu chini, na mkono mzima umeshika kola ya shati kama bibi harusi. Musonda akaweka ndoo chini, akarudi nyuma. "Basi oga mwenyewe, maiti. Nitaangalia kama utafika mgongoni."

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye kiangazi. Kila asubuhi Mbuzi anakuja kudai haki yake, kila asubuhi Chui anamnyima. Mwanzoni aliosha uso na kifua. Baadaye mapaja. Mgongo aliushinda kwa kitambaa kirefu, anakivuta huku na huku. Kutoka mlangoni mpaka chooni tulifunga kamba nene ya lori kwenye vigingi, akawa anaifuata kwa mkono wa kushoto, mguu mgonjwa ukichora mstari kwenye vumbi. Musonda alitembea nyuma yake akimsemea: "Angalieni, chui anafuata kamba kama mbuzi! Nani alitubadilishia koo?"

Na maneno yakarudi. Ninasema ukweli: yaliyorudi kwanza yalikuwa matusi. Siku moja kwenye kamba, Musonda alipomkanyaga kisigino, tusi likatoka zima, safi, la kwetu kabisa, lenye ndevu na pembe za babu wa Musonda ndani yake. Tulisimama wote. Musonda akaniangalia, machozi yakimlengalenga.

"Mulamu, unasikia? Ananitukana! Sema tena, ndugu yangu."

Akalisema tena. Baada ya matusi likaja jina langu. Ningependa lingetangulia, lakini nililipokea.

Haikuwa kupanda tu. Baridi ilipozidi, mguu ulikakamaa, na kuna juma alirudi kitandani kabisa. Mara nyingine alianguka ndani ya mihogo, akakaa humo kama mzimu, nami nimesimama na mikono nyuma ya mgongo, nikijiuma midomo. Mwelwa alinilaumu: "Mama, uko unamuacha Tata chini?" Tuligombana, mimi na mtoto wangu, hata chakula hatukula pamoja. Aliyetupatanisha ni mwenyewe, kutoka ndani ya mihogo: "Nyamazeni. Ninainama." Na akainama, na akainuka, majani kichwani.

Mpaka ikafika asubuhi aliyokwenda na fimbo, bila kamba, akaingia chooni, akafunga mlango. Mimi na Musonda tulibaki nje tumesimama.

"Muko munafanya nini pale?" sauti ikauliza toka ndani.

"Tunangoja," nikasema.

"Choo ni ya muntu mumoja. Wendeni."

Tukaenda. Musonda aliketi jikoni kwangu na ndoo yake isiyo na kazi, akaniomba munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akanywa. Nilifikiri angefurahi. "Mulamu," akasema mwishowe, "nitafanya nini asubuhi?" Nikamwambia aje hivyohivyo. Kuna kuni za kupasua.

Dada wa Kasenga alirudi baridi ilipokatika, kama tulivyoagana, na gari la kuazima, na wapwa wawili wenye mabega. Alimkuta kaka yake ameketi kwenye kiti chake nje, ameoga, shati limefungwa vifungo, kimoja kwenye tundu lisilo lake. Aliinama pua mbele, akasimama kumpokea.

"Karibu, dada," akasema, pole pole, kila neno kama anayelitoa chini ya jiwe. "Munakuya... kunisalimia?"

Dada akatazama wapwa. Wapwa wakatazama gari. "Ndiyo," akasema, "tunakuya kukusalimia."

"Basi. Salimieni. Halafu mukule. Halafu muende."

Walikula vizuri, sitasema uongo.

Na wewe unayesoma, usifikiri mkono wake wa kuume umerudi. Haujarudi. Unakaa mezani, mgeni yuleyule. Mdomo ukichoka unarudi upande. Neno fulani likimkimbia anapiga goti kwa hasira. Kama unangoja mtu wako arudi vile alivyokuwa, utazeeka unangoja. Mngoje huyu mwingine, maana anakuja, na tabia zake utazitambua. Na tafuta mtu asiyemwonea huruma. Kama kwenu hamna banungwe, tafuta shangazi mkorofi.

Mimi nikapanda lori. Ilikuwa kabla ya mvua kurudi, barabara bado ngumu. Njia nzima mpaka Pweto niliketi juu ya mizigo nikimwona ameanguka: mara kwenye mlango, mara ndani ya mihogo. Wavuvi waliniuliza kwa nini ninanunua haraka kama ninayefukuzwa. Lori liliharibika njiani kurudi, tukalala porini, na mwili wangu wote ulikuwa unasukuma gurudumu lile.

Nilifika Naviundu jua likiwa juu. Pusupusu mbili zikanimwagia magunia mbele ya mlango. Mlango una kufuli. Nikaita, kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaangalia chooni, nikaangalia ndani ya mihogo. Nikamkimbilia jirani wa juu.

"Iko wapi Tata Mwelwa? Wamempeleka wapi?"

Jirani alikuwa anapepeta mchele. Hata hakuinua kichwa. "Hakuna muntu alimupeleka. Alitoka. Alisema anaenda kukata nywele."

"Na nani?"

"Na fimbo."

"Na Mwelwa?"

"Ku soko."

Nikarudi nikaketi juu ya magunia yangu. Nimechoka, nina kiu, vumbi la Pweto mpaka kwenye meno, na wingu la kwanza linapanda upande wa mto. Samaki wakavu wakilowa wanaoza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu anayenyolewa. Nikaanza kukasirika. Kadiri wingu lilivyopanda ndivyo nami nilivyopanda, na nilipomwona anatokea mwisho wa barabara, kichwa kinang'aa, anasimama kuzungumza na kila mtu, anacheka kwa nusu ya mdomo, nilisimama mikono kiunoni.

"Tata Mwelwa! Hii ni saa ya kurudi? Mke wako anatoka safari, hakuna maji, hakuna moto, mlango umefungwa! Unatembea tu mtaani kama kijana! Huoni mvua?"

Mtaa mzima ulisikia. Alikuja taratibu, hakuharakisha hata kidogo, akatoa ufunguo kwa mkono wa kushoto, akafungua. Kisha akanigeukia, amejaa furaha usoni kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu augue, sikuwahi kumgombeza hivyo, kama mke anavyomgombeza mume mzima.

Tone la kwanza likaanguka kwenye kichwa chake kipya.

"Usisimame tu," nikamwambia. "Shika gunia upande ule."

Akainama, akashika sikio moja la gunia, mimi nikashika lingine, tukaliingiza ndani.